Sufuria Namba Nne

Sufuria za kikundi chetu cha kufa na kuzikana zilikuwa sita wakati mimi nilipokuwa mtunza vyombo. Kila moja ina namba ubavuni, imeandikwa kwa rangi nyekundu ya mafuta, na kila ilipotoka kwangu jina liliingia daftarini: nani kachukua, kwa msiba wa nani, karudisha lini. Namba nne inashika nafasi ya pili kwa ukubwa. Inapika kilo 20 za mchele na bado mwiko unapata pa kuzungukia. Desemba 2021 niliitoa stoo, nikaifunga kwenye keria ya Noah yetu kwa kamba ya katani, nikaondoka nayo Dar es Salaam kwenda Bendera, kijijini kwa mama mkwe. Daftarini sikuandika kitu. Mtunza alikuwa mimi, safari ilikuwa ya wiki moja, na niliona kujiandika mwenyewe ni kupoteza wino.

Safari yenyewe ilianza na hema. Jioni moja ya Novemba baba watoto alirudi kutoka Kariakoo na mfuko mrefu begani, akaufungua sebuleni mbele ya watoto, na hadi saa mbili usiku meza ilikuwa imehamishiwa uani na hema la watu wanane limesimama katikati ya makochi. Watoto walilala humo siku nne mfululizo. Mwenzao mmoja shuleni alikuwa amepelekwa na wazazi wake kulala mbugani, na simulizi zake ziliwafanya wangu wote watatu, kuanzia kifungua mimba wa darasa la sita hadi kitinda mimba wa miaka minne, waone kwamba mtoto asiyewahi kulala nje hajaishi bado.

Mpango wa kwanza ulikuwa kulala ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, ambayo ukiwa Bendera iko ng'ambo tu ya bonde. Zamani lilikuwa pori la akiba, tangu 1951, na huko nyikani kuna faru weusi, mbwa mwitu na tembo wanaovuka kwenda na kurudi kutoka Tsavo, Kenya. Tulipiga hesabu ya viingilio, ya kulala, ya mafuta, ya familia ya watu watano. Baba watoto ndiye aliyesema, na alilisema vizuri: kwa nini tulipe ili watoto wakalale porini, wakati bibi yao ana shamba kando ya korongo na nyika hiyo hiyo inaonekana mlangoni kwake? Tungekwenda kula Krismasi, halafu usiku mmoja tungelala mtoni. Na mama mkwe tungekwenda naye.

Wazo hilo la mwisho lilikuwa langu. Tangu niolewe sikuwa nimewahi kumkuta mama mkwe amekaa. Ujana wake aliumalizia kwenye dungu, lile jukwaa la miti ambalo mlinzi wa mpunga analala juu yake, akifukuza ndege mchana na tembo usiku. Uzeeni amebaki na bustani, mbuzi, na wajukuu wa watu. Nilitaka apate usiku mmoja ambao hapiki wala halindi, anakaa kwenye kiti na sisi tunamhudumia. Nilipompigia kumweleza, alikaa kimya, kisha akauliza, "Mwanangu, huko korongoni kunalaliwa?"

Nikamjibu kuwa tuna hema zuri.

Tuliacha lami pale kijijini Mkomazi, tukaingia bondeni, Usambara kulia na Upare wa Kusini kushoto. Barabara ile inapita miguuni mwa mlima hadi Kihurio, Ndungu, Maore na Kisiwani, kisha inatokea Same mjini, wakati ule karibu kilomita 100 za vumbi jekundu na vipande vya lami. Mwaka ule vuli ilikuwa imegoma. Ng'ombe tuliokutana nao walikuwa mifupa iliyovikwa ngozi, na wachungaji waliwatembeza kama mtu anavyomtembeza mgonjwa. Ukiinua macho kushoto, mlima ulikuwa wa kijani. Hilo ndilo jambo la Upare ambalo mgeni huchelewa kulielewa. Juu kule, kuelekea kilele cha Shengena chenye mita 2,462, upepo wa Bahari ya Hindi unafika na unyevu wake na kuugonga mlima, migomba na tangawizi vinastawi. Chini, katika umbali ambao mwenye miguu mizuri anautembea kwa siku moja, kuna migunga, mibuyu na mchanga. Maji ya wa chini ni mvua ya wa juu. Wazee walijenga ndiva, mabwawa madogo ya udongo ya kukusanya maji ya mfereji usiku ili yafunguliwe mchana, kila shamba kwa zamu yake, na mtu aliyefungua nje ya zamu yake alijulikana kijiji kizima.

Mama mkwe alitupokea na makande. Watoto wakamwamkia, akawapapasa vichwa, na kabla hajakaa simu yake ikalia.

Ni kitochi cha zamani, kimefungwa mpira wa baiskeli ili betri isichomoke, na hukaa kwenye fundo la khanga kiunoni. Jioni ile kililia mara saba au nane. Wifi yangu mkubwa ameolewa juu, kwenye ukingo wa mlima unaouona ukisimama uani kwa mama. Anapiga kusema huko kumekuchaje. Mama akimaliza naye anampigia mlinzi wa banio la mfereji, halafu vijana wanaofyatua tofali kandokando ya korongo, halafu mjane mmoja mwenye kitalu cha mpunga bondeni, halafu mchungaji mmoja wa Kimasai. "Huko juu pakavu," anawaambia. Au, "Kuna wingu, lakini halijakaa vizuri." Nilimtazama akifanya hivyo siku tano. Krismasi iliangukia Jumamosi, na yeye ni Msabato, kwa hiyo alikaa kanisani karibu kutwa nzima. Jua lilipozama tu simu zikaanza. Moyoni nikasema, huyu mama hata uzeeni wanamtumikisha. Kila mtu anamtafuta yeye.

Jumatatu tukaenda korongoni.

Korongo lile linashuka kutoka mlimani na kwenda kuungana na Mto Mkomazi. Lilikuwa kavu tangu masika ilipoisha, upana wake kama barabara mbili za magari, mchanga mweupe safi kama umepepetwa, na kingo zake mbili zimezidi urefu wa mtu. Kwenye kona moja mikwaju imeinama na kufanya kivuli. Ningechagua pale pale tena, kama ningekuwa sijui ninachokijua leo. Mama mkwe alisimama ukingoni na kusema tusimike hema juu, pembeni ya mibuyu. Mwanawe akamwambia juu kuna miba na siafu, mchanga ni laini, na yeye amezaliwa hapa. Aliteremsha Noah kwenye njia ya mikokoteni ya mchanga hadi chini. Mama hakubishana. Akasema tu, "Basi nitalala na ninyi," akafunga khanga yake upya.

Mimi nilidhani amekubali mapumziko.

Jioni ile siwezi kuisema vibaya, hata baada ya yote. Watoto walichimba mchangani na mikono yao, wakakuta unyevu kwenye kina cha kiwiko, wakapiga kelele kama wamegundua bahari. Bibi yao akawaambia jina la mto: mko ni kijiko kwa Kipare, mazi ni maji; Mkomazi, maji ya kujaza kijiko. Kitinda mimba akachukua kijiko cha chai, akakaa nacho kwenye shimo lake akisubiri kijae, na kilijaa. Namba nne ilikaa kwenye mafiga matatu, makande yakichemka kwa ajili yetu na kwa vijana wa tofali, ambao walikuja na sahani zao wakala nasi. Baba watoto alitundika taa ya betri ndani ya hema. Juu yetu hakukuwa na wingu hata moja; nyota zilikuwa nyingi hadi kifungua mimba aliuliza kama ni zile zile za Dar.

Kitochi kililia mara mbili wakati wa kula. Mara ya kwanza mama alizungumza kwa Kipare, akatazama mlimani. Mara ya pili mtandao ulikatika, kwa kuwa chini ya kingo zile simu inashika kwa kubahatisha. Baadaye akawa anawasimulia watoto habari za dungu, kitinda mimba amelala mapajani mwake, na kile kitochi kikamteleza kutoka kiunoni kikaanguka mkekani. Nikakiokota. Betri ilikuwa imebaki kijistari kimoja. Nikamtazama yule mama wa miaka sabini na kitu, mtoto mapajani, moto unamulika uso wake, na nikaona kwamba ndiyo mara ya kwanza ninamwona amekaa. Nikabonyeza kitufe hadi kioo kikazimika, nikakiweka ndani ya kikapu cha vikombe, nikafunika na kitambaa. Sikumwambia. Nilifanya hivyo kwa mapenzi, na nimelirudia neno hilo kichwani usiku mwingi tangu siku ile.

Ilikuwa saa tano na nusu mkono uliponigusa bega. "Mwanangu, simu yangu iko wapi?"

Sauti yake haikuwa kali. Nikamwambia nimeizima ili apumzike, nitampa asubuhi. Akasema, "Nipe." Nikatambaa nje ya hema, nikapapasa kikapuni. Kioo kilipowaka kile kimuziki cha kuwashia hakikumaliza. Simu ikalia hapo hapo mkononi mwangu. Mtandao, kwa rehema ya Mungu, ulishika. Niliisikia sauti ya wifi bila kuiweka sikioni. Alikuwa analia. Mvua ilianza huko saa mbili, alisema, mvua ambayo hawajaiona vuli yote, na ardhi ni ngumu kama sakafu, hainywi kitu. Mfereji umeshabomoka, na maji yamepita kwao zamani sana. Amepiga na kupiga. Mko wapi?

"Toeni watoto," mama akasema. Hakusema zaidi ya hapo.

Nilimbeba kitinda mimba na blanketi lake. Wa pili aligoma kuamka, baba yake akamvuta miguu, akamweka begani. Kifungua mimba alitoka na viatu mkononi. Tulipanda ile njia ya mikokoteni gizani, mchanga unatoroka chini ya nyayo, mama mbele na kale kataa ka kitochi. Nikahesabu: mmoja, wawili, watatu. Nikahesabu tena. Ndipo nikaona kwamba baba watoto ameniachia wa pili na anateremka kurudi, kwa ajili ya gari. Tulikuwa bado tunalilipia. Nikasikia akiwasha, magurudumu yakizunguka mchangani bila kushika, injini inapanda na kushuka. Mama mkwe alisimama ukingoni na kumwita kwa jina la utotoni, jina ambalo kwa miaka kumi na mitatu ya ndoa sikuwahi kulisikia likitajwa. Alimwita mara moja. Injini ikazimika, nikasikia mlango, nikasikia mbio zake.

Maji yalikuwa hayajafika. Palikuwa na muda, labda dakika kumi, ambao tulisimama juu chini ya nyota zile zile na korongo lile lile kavu liko mbele yetu, na kama mtu angepita pale angetushangaa. Mama hakusimama. Alikuwa ameshampigia mlinzi wa banio, na sasa anawapigia vijana wa tofali ambao simu yao haikupokelewa, akamwambia kifungua mimba apige mbinja, apige mbinja asiache. Mwanangu alipiga mbinja kama polisi. Wale vijana walitoka mbio kwenye kibanda chao wakiwa na nguo za kulalia, mmoja na jembe mkononi sijui kwa nini.

Kisha ikaja harufu: udongo uliolowa na majani yaliyosagwa, harufu ya shamba la mahindi baada ya mvua, wakati pale tulipo vumbi lilikuwa vumbi. Halafu mlio, kama lori la kokoto linalomwaga mzigo wake na mzigo hauishi. Ulikuwa mdomo wa matope wenye magogo na mawe yanayogongana ndani yake, na nyuma yake ndipo maji yenyewe, meusi, yakipanda kingo kwa kasi hadi tukarudi nyuma hatua kumi bila kuambiana. Kitu nilichokiona vizuri kuliko vyote ni hema. Taa tulikuwa tumeiacha inawaka. Maji yaliling'oa zima, likainuka likiwa limesimama, la rangi ya chungwa, likielea na mwanga wake ndani kama nyumba ya watu waliokaa kula, na likaenda hivyo hadi kwenye kona ya mikwaju likapotea. Mle ndani, saa moja kabla, watoto wangu watatu walikuwa wamelala wamepangana.

Wa pili, ambaye ndiye mpole wangu, aliuliza, "Mama, na sufuria ya watu?"

Asubuhi, saa tatu, maji yalikuwa yamepungua hadi magotini, na kufika adhuhuri watoto wangeweza kuvuka. Noah ilikuwa mita mia na zaidi chini, imelalia ubavu kwenye mgunga, matope hadi usukani. Tanuru la wale vijana, kazi ya miezi miwili, lilikuwa limerudi udongo. Na banio lilikuwa limekwenda. Hakuna mtu aliyepotea. Naliandika hilo peke yake kwa sababu Upare inakumbuka Novemba 2009, mlima ulipoporomoka usiku kule Goha, Mamba Miamba, na kufunika familia zikiwa zimelala.

Baba watoto alikwenda kijijini kutafuta watu na kamba za kuvutia gari. Alirudi na jibu kwamba watu wako kwenye msaragambo. Msaragambo ni kazi ya wote; ndiyo iliyochimba mifereji na kufungua njia za Upare tangu enzi za mababu, na siku ile kazi ilikuwa banio, kwa kuwa bila banio vitalu vya mpunga vingekauka kabla ya wiki kwisha. Gari letu lingesubiri. Kwa hiyo tukaenda na sisi. Wanaume walikuwa majini wakipanga mawe na magunia ya mchanga, wanawake tulikuwa kwenye mstari, jiwe linapokewa mkono kwa mkono kutoka kilimani hadi mtoni. Niliwekwa kati ya mama mkwe na yule mjane wa kitalu. Hakuna aliyetuuliza kwa nini tulilala korongoni. Hilo lilinielemea kuliko kuulizwa.

Mawe yakapita, labda mia. Nikamwambia, "Mama, simu nilizima mimi."

"Najua. Kitochi hakijizimi."

Akanipa jiwe jingine. Baadaye, tulipokaa kunywa uji wa tangawizi, akaniambia kile ambacho nilipaswa kukiuliza kabla. Alikuja kulala nasi kwa sababu tulikataa kulala juu. Angekaa macho na simu yake, wifi angepiga, tungetoka kwa utulivu na hema letu na gari letu, na vijana wa tofali wangepata muda wa kuziba tanuru na kuokoa zana. Zile simu za jioni alizianza yeye mwenyewe, mwaka simu zilipofika kijijini. Kabla ya hapo walikuwa wanatuma mtoto mkimbiaji, na mara nyingi maji yalimtangulia mtoto. "Mimi siwezi tena kupanda dungu," alisema. "Hiki ndicho dungu langu."

Kati yangu na mume wangu hali ilikuwa nyingine. Siku mbili hatukusemezana. Yeye alikuwa na neno moja, simu. Mimi nilikuwa na neno langu, mchanga. Na kila mmoja alilibeba lake hadi kwenye kitanda cha mama mkwe, watoto wamelala katikati. Jumatano watu walikuja na trekta ya shambani, wakaichomoa Noah kwa kamba mbili na nyimbo. Tulipokuwa tunachota matope ndani yake kwa sahani, mimi mbele yeye nyuma, aliokota kijiko cha chai chini ya kiti, kijiko cha kitinda mimba, akanyamaza, akanionyesha. Tulilia wote wawili ndani ya gari lile. Sikumbuki nani aliomba msamaha kwanza.

Sufuria nilikwenda kuitafuta mwenyewe. Siku tatu, asubuhi hadi jua la saa tano, nilifuata korongo hadi linapokutana na mto na kupita hapo. Nilikuta nguzo mbili za hema zimejikunja kwenye mizizi. Nilikuta kiatu cha kifungua mimba, mfuniko wa namba nne umekunjika kama chapati, na kikapu cha vikombe kimekaa wima juu ya jiwe kama kimewekwa na mtu, vikombe vyote vimo. Yule mchungaji wa Kimasai aliyekuwa kwenye orodha ya mama alitembea nami siku ya pili, akiuliza kila aliyekutana naye. Namba nne haikuonekana.

Tulirudi Dar kwa basi. Nilipofika sikufungua hata begi, nilikwenda kwa mwenyekiti wa kikundi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani kote, kuanzia Mombo hadi Chalinze, lakini sikupata nafasi ya kuyasema kama nilivyoyapanga. Desemba 29, siku ambayo Noah ilikuwa inavutwa, mtaani kwetu alifariki baba mmoja, na kamati ya jikoni ilifungua stoo kwa ufunguo wa akiba. Wakakuta sufuria tano. Wakaangalia daftari: hakuna jina. Walizunguka nyumba hadi nyumba usiku wakiomba sufuria ya kuazima, familia ya marehemu ikiwaona. Mwenyekiti aliniambia hayo akiwa ameinamisha macho, kwa sababu ananiheshimu. Kikao kiliamua ninunue nyingine, na utunzaji uende kwa mwenzangu. Nilinunua. Niliona ni haki, na mpaka leo naiona ni haki. Mjane wa marehemu nilikwenda kumwomba radhi peke yangu.

Masika ilikaribia kuanza namba nne ilipopatikana. Mto ulikuwa umekauka tena, na wanawake wa chini walikuwa wakichimba visima vya mchangani kutafuta maji ya kunywa. Jembe la mmoja likagonga chuma kwenye kina cha mkono. Habari zilipanda kwa simu, kutoka kwake kwenda kwa mchungaji, kutoka kwa mchungaji kwenda kwa mama. Ililetwa kwa basi, imejazwa mchele wa Kihurio na kufungwa kiroba. Kitako kimebonyea upande mmoja, na ile 4 imebaki mstari wa kusimama na kamkono kamoja. Kikundi kiliipokea, kwa hiyo sasa sufuria ziko saba. Wapishi wanajua kwamba hiyo inahitaji figa moja liwe fupi.

Noah tuliiuza kama ilivyo. Hema hatukununua jingine, ingawa wa pili amelitaja mara moja.

Nilimwomba wifi aniweke kwenye orodha yake. Aliniuliza nitafanya nini na mvua ya mlimani nikiwa Dar, nikamwambia anipigie tu. Basi kila masika na kila vuli simu yangu hulala juu ya mto wa kitanda, imechajiwa, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, na baba watoto ameshazoea. Mwezi Aprili uliopita ililia saa tisa usiku. "Huku imeanza," wifi akasema, na nyuma ya sauti yake bati lilikuwa linapigwa. Nikapiga Bendera. Iliita mara moja tu.

"Niko macho, mwanangu," mama akasema. "Nimeshawapigia wa banio. Subiri, ngoja nimalizie na huyu wa kitalu."